Altaneta ya Probox, Vitz na IST: pima kwanza, ndipo ufungue

Altaneta ni mashine inayozungushwa na injini kwa mkanda ili kuzalisha umeme na kuchaji betri. Taa ya betri ikiwaka kwenye dashibodi, usikimbilie dukani. Kosa laweza kuwa mkanda uliolegea, temino iliyoota unga mweupe, au kaboni zilizoisha (vipande vidogo vinavyosugua pete zinazozunguka ndani ya altaneta), ambazo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na altaneta nzima. Multimita (kipima umeme) ya kawaida inatosha kukupa jibu kwa dakika kumi. Maelezo haya yanahusu zaidi injini ya Toyota aina ya 1NZ, lakini vipimo vya volti vinafaa kwa gari nyingi za volti 12.

Anza na betri. Gari ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 imekwisha. Iliyokwisha ichajiwe kwa chaja kabla ya kupima chochote, maana betri mbovu huifanya altaneta nzima ionekane mbovu.

Sasa washa injini. Kwenye temino za betri usome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni ya ndani na kipasha joto cha kioo cha nyuma, kanyaga mafuta kidogo: isishuke chini ya 13.2. Ikibaki kwenye 12 au ikiendelea kushuka, haichaji. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za altaneta) imekufa na betri inachemka. Gari hiyo isisafiri hadi itengenezwe.

Ukikuta haichaji, bado usiilaumu altaneta. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nati ya waya mnene nyuma ya altaneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Isizidi volti 0.2. Rudia kati ya bodi ya altaneta na hasi ya betri, kiwango ni hichohicho. Ukisoma 0.8, umeme unazalishwa vizuri ila unapotelea njiani: waya umeoza ndani au nati imelegea. Wakazi wa pwani wachunguze hapa kwa makini zaidi, chumvi ya hewani hula shaba haraka. Angalia pia fyuzi iliyoandikwa ALT-S, ambayo kwenye Toyota nyingi ni ya ampea 7.5. Fyuzi hiyo ikikatika, taa ya betri huwaka ingawa altaneta ni nzima.

Gari inayokosa umeme kila asubuhi wakati mchana inachaji vizuri, shuku diodi, yaani sehemu za altaneta zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC unaofaa betri. Geuza mita isome volti za AC kwenye betri injini ikiwa inafanya kazi. Ikizidi 0.5, diodi imetoboka na huenda inanyonya betri usiku.

Kuna kipimo kimoja cha mtaani tunachokipinga kabisa: kuchomoa temino ya betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama itazima. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiichomoa, volti hupanda ghafla hadi makumi kadhaa kwa kufumba na kufumbua, na diodi, regyuleta au kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaungua. Fundi akitaka kufanya hivyo kwenye gari yako, mzuie.

Ikithibitika kwamba kosa liko ndani, kaboni ndizo za kutazamwa mwanzo. Fungua kifuniko cha nyuma. Kaboni mpya hujitokeza kama milimita 10, na zikibaki chini ya 4.5, weka nyingine. Pete za shaba zinazosuguliwa na kaboni zisafishe kwa msasa laini, kisha pima kati ya pete na pete: ohm 2 hadi 3. Mita isiposoma kitu, koili (waya uliozungushwa ndani ya altaneta) imekatika. Beringi yenye mlio wa kusaga hubadilishwa peke yake pia.

Ukiamua kununua altaneta iliyotumika, Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), nenda na ya zamani mkononi. Linganisha ampea kwenye kibandiko, idadi ya pini za soketi, mifereji ya puli na masikio ya bolti. Izungushe kwa mkono, isikwaruze wala kucheza. Omba ipimwe kwenye benchi mbele yako.

Kufungua:

1. Toa hasi ya betri. Waya mnene wa altaneta hauzimwi na swichi, spana ikiugusa pamoja na bodi itatoa moto.
2. Chomoa soketi ndogo, kisha waya mnene kwa spana namba 10.
3. Legeza bolti ya namba 12 na ya 14, sukuma altaneta ndani, toa mkanda.
4. Toa bolti zote mbili na uichomoe.

Kufunga ni kinyume chake, ila mkanda ndio wenye kazi. Ukiubonyeza katikati kwa nguvu ya kilo 10 hivi, uingie kama milimita 10. Ukilegea utapiga kelele na kuteleza, ukikazwa mno utaua beringi ya altaneta na ya pampu ya maji. Unapovuta altaneta kwa nondo ili kukaza mkanda, egemea kwenye sikio la bolti, kamwe si kwenye mwili wa aluminiamu, kwani hupasuka. Bolti ya namba 12 ikazwe Nm 19 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ya 14 Nm 54. Nati ya waya mnene Nm 10 tu, na kofia yake ya mpira irudishwe.

Siku ya kuosha injini, ivishe altaneta mfuko wa plastiki, na usiipige maji ya presha. Mvujo wa oili juu yake uzibwe mapema, oili hulowesha kaboni. Mkanda mpya hunyooka kidogo, kwa hiyo ubonyeze tena baada ya kilomita 200 hivi.