Namna ya Kuchunguza Athari za Homoni za Thairoidi kwenye Matumizi ya Nishati kwa Kupima Protini

Mwaka 1895 Adolf Magnus-Levy alionyesha, kwa kupima gesi zinazovutwa na kutolewa katika pumzi, kwamba dawa iliyotengenezwa kwa tezi ya thairoidi huongeza matumizi ya oksijeni mwilini. Tangu hapo hakuna anayebisha kuwa homoni za tezi hiyo huchochea umetaboli. Kinachoendelea kutafutwa ni njia zinazopitia, na sehemu kubwa ya njia hizo huonekana katika protini: homoni ya T3 (triiodothaironini, iliyo na nguvu zaidi kati ya homoni za tezi hiyo) hushikamana na kipokezi chake ndani ya kiini cha seli, jeni fulani husomwa zaidi na nyingine hupunguzwa, na baada ya saa nyingi au siku kadhaa wingi wa vimeng'enya, pampu za utando na protini za mitokondria hubadilika. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mtafiti mchanga aliye katika maabara ya kawaida ya biokemia, anayefanya kazi na panya wa maabara na ambaye tayari ana kibali cha kamati ya maadili.

Chagua kwanza tishu, kisha protini, wala usifanye kinyume chake. Tezi hutoa zaidi T4 (thairoksini), na tishu zenyewe huigeuza kuwa T3 kwa kuondoa atomi moja ya iodini. Ini hutumia kimeng'enya cha D1 kwa kazi hiyo, mafuta ya kahawia, yaani tishu inayochoma mafuta ili kutoa joto, hutumia kimeng'enya cha D2, ilhali kimeng'enya cha D3 huzima homoni. Kwa sababu hiyo damu moja inaweza kuleta hali tofauti katika tishu mbili za mnyama yule yule. Katika mafuta ya kahawia, protini ya kwanza kupimwa ni UCP1, yenye uzito wa takriban kilodaltoni 33, ambayo huruhusu protoni zirudi ndani ya mitokondria bila kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, nishati ikatoka kama joto. Katika ini la panya, dehidrojenasi ya gliseroli-3-fosfati ya mitokondria ni kipimo cha miaka mingi cha utendaji wa T3, na katika misuli hufaa kupima pampu ya kalsiamu iitwayo SERCA. Pampu ya sodiamu na potasiamu inaweza kupimwa katika tishu nyingi. Protini tatu au nne zilizochaguliwa kwa sababu inayoelezeka zinatosha kwa tasnifu moja.

Makundi ya wanyama yasipungue manne: wa kawaida, waliopungukiwa homoni, waliopungukiwa kisha wakarudishiwa T3, na wa kawaida waliozidishiwa T3. Kundi la tatu ndilo linalothibitisha kwamba mabadiliko yametokana na ukosefu wa homoni, si na dawa iliyotumika kuuleta. Upungufu huletwa kwa desturi kwa kutia propilithiourasili ya asilimia 0.05 katika maji ya kunywa kwa wiki tatu hadi nne. Dawa hii, mbali na kuzuia tezi, huzuia pia D1, kwa hiyo anayeuliza jinsi ini linavyogeuza T4 kuwa T3 atumie methimazoli badala yake. T3 haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Huyeyushwa kwanza katika sodiamu hidroksidi iliyozimuliwa, na wanyama wa makundi mengine nao wachomwe kimiminika hicho hicho kisicho na homoni. Mwishoni pima TSH (homoni ya pituitari inayochochea tezi ya thairoidi), T4 na T3 katika damu ya kila mnyama, maana kunywa dawa si uthibitisho wa kupungukiwa homoni.

Mambo mawili huharibu majaribio haya kuliko makosa ya jeli ya kutenganishia protini, nayo hayapewi uzito yanaostahili. La kwanza ni chakula. Panya aliyezidishiwa homoni hula zaidi na aliyepungukiwa hula kidogo, na ulaji peke yake hubadilisha vimeng'enya vya ini, hasa vile vinavyotengeneza mafuta. Pima chakula kila siku, na ikiwezekana ongeza kundi la wanyama wa kawaida wanaopewa kiasi kile kile kinacholiwa na waliopungukiwa. La pili ni joto la chumba. Katika nyuzi 20 hadi 22 panya yumo kwenye baridi, mfumo wake wa neva wa simpathetiki unachochea mafuta ya kahawia mchana na usiku, na UCP1 yake imepanda kabla mtafiti hajamgusa. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa kinaweza kukaribia nyuzi 28 hadi 30, ambapo panya hana haja ya kujitia joto la ziada. Matokeo ya hapo yanaweza kutofautiana na yaliyochapishwa Ulaya bila kosa la mtu yeyote, mradi joto liwe limedhibitiwa, limerekodiwa na limeandikwa katika ripoti.

Muda nao una hesabu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jamshed Tata na wenzake walionyesha kwamba kasi ya umetaboli haipandi mara tu baada ya kuchoma T3 bali huchelewa kwa saa nyingi, na kwamba aktinomaisini D, inayozuia jeni kusomwa, huzuia pia mpando huo. Ukichukua sampuli saa 6 tu baada ya dozi, utaweza kuona mabadiliko ya RNA, yaani nakala za jeni, huku protini ikiwa haijasogea. Saa 24, 48 na 72 ni vituo vya busara zaidi. Toa sampuli zote wakati ule ule wa siku.

Tishu igandishwe katika nitrojeni ya kimiminika mara tu inapotolewa, kisha ihifadhiwe katika nyuzi 80 chini ya sifuri. Mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega yasafishwe mafuta meupe na vipande vya misuli, na yapimwe uzito mzima kabla ya kukatwa. Saga tishu juu ya barafu katika bafa yenye sabuni na vizuizi vya protiasi (vimeng'enya vinavyokata protini), zungusha katika sentrifuji, kisha chota kimiminika cha katikati ukiepuka tabaka la mafuta lililoelea juu. Unapoandaa sampuli za pampu za utando na za baadhi ya protini za mnyororo wa upumuaji, usizichemshe kwa nyuzi 95 kama ilivyo mazoea, kwani huweza kugandamana na kubaki juu ya jeli. Nyuzi 37 hadi 50 zinatosha.

Katika westani bloti, yaani kutambua kwa kingamwili protini zilizotenganishwa kwenye jeli na kuhamishiwa kwenye utando, swali gumu si kingamwili bali kilinganishi, yaani kiasi ambacho kila kipimo hugawanywa kwacho. Wengi hugawanya kila kipimo kwa GAPDH. GAPDH ni kimeng'enya cha umetaboli, na kukitumia kama kipimo kisichobadilika ndani ya jaribio la umetaboli ni kulazimisha jibu. Paka rangi protini zote kwenye utando, kwa mfano kwa rangi ya Ponceau S, utumie jumla hiyo. Kabla ya yote, changanya sehemu ndogo ya kila sampuli, panga mchanganyiko huo kuanzia mikrogramu 5 hadi 40, uone ni wapi mwanga huongezeka sawia na protini, kwa sababu mkanda uliokwisha kujaa hauonyeshi tofauti. Weka mchanganyiko huo katika kila jeli ili jeli ziweze kulinganishwa, na kila jeli iwe na wanyama wa makundi yote. Kwa UCP1, ongeza sampuli ya ini, ambalo halina protini hiyo: mkanda ukitokea kwenye uzito ule ule, kingamwili hiyo haiaminiki.

Ukiwa na spektromita ya tungamo, mashine inayotambua protini kwa tungamo la vipande vyake, unaweza kutazama maelfu ya protini kwa pamoja, ila tumia njia hiyo kutafuta dhana mpya na uithibitishe kwa wanyama wengine. Katika takwimu za njia zote mbili idadi ni ya wanyama, si ya mistari ya jeli.

Eleza UCP1 kwa njia mbili, yaani kwa kila miligramu ya protini na kwa tishu nzima, kwa kuwa tishu inaweza kukua na kujaa mafuta huku uwiano ukishuka na jumla ikipanda. Hata hivyo wingi wa protini si kazi yake. Pima pia matumizi ya oksijeni ya mitokondria zilizotengwa, au kazi ya pampu ya sodiamu kwa kutumia wabaini, inayoizima pampu hiyo, sumu ile ile ya msunguti ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki walipaka mishale. Pampu ya ini la panya ni sugu kwa wabaini kuliko ya binadamu, kwa hiyo dozi ya mikromola inayotosha kwa seli za binadamu hapa haitazima chochote. Anza na milimola 1 kwa lita, na utumie ini la wanyama wale wale uliowapima kwenye jeli.