Kusindika mabua ya mpunga kwa urea bila kuua ng'ombe

Majaruba ya Misungwi, Magu na Kwimba yakishavunwa, mabua mengi huchomwa moto, na kiangazi kikikolea ng'ombe wanabaki mbavu tupu. Mbolea ileile ya urea ya shambani, yenye asilimia 46 ya naitrojeni, huyalainisha na kuyaongezea protini. Ikipimwa ovyo, inaua.

1. Chagua mabua makavu. Yakitoa vumbi jeupe unapoyakung'uta yana ukoga. Yapeleke kwenye samadi, usiyachanganye na mazuri.

2. Pima kwa mizani, si kwa kopo: mabua kilo 100, urea kilo 4, maji lita 50.

3. Yeyusha urea yote. Hapa usiwe na haraka. Urea hupoza maji inapoyeyuka, hivyo punje za mwisho huchelewa. Koroga hadi mti usikwaruze kitu chini ya ndoo. Punje zikibaki, ng'ombe mmoja atakula fungu la ng'ombe kumi: tumboni urea inageuka amonia, yenye sumu, upesi kuliko ini linavyoweza kuihimili. Hatari zaidi ni ndoo yenyewe. Ng'ombe mwenye kiu hunywa maji hayo bila kusita, kwa hiyo yeyushia nje ya zizi, suuza vyombo, na usiache dimbwi. Aliyedhurika hutetemeka, hutoka povu na tumbo hujaa, mara nyingi ndani ya saa moja. Mwite daktari wa mifugo, na wakati huo mnyweshe taratibu lita 2 hadi 4 za siki ya kawaida iliyochanganywa na maji baridi. Akishalala na kurusha miguu usimnyweshe kwa chupa, itaingia mapafuni.

4. Tandaza tabaka, nyunyiza, kanyaga, rudia. Tumia keni ya kumwagilia. Bomba la kupulizia dawa ya pamba hapana, hata ukilisuuza mara ngapi. Funika kwa nailoni nzima (turubai lenye matundu ni kazi bure), kandamiza kingo kwa udongo, siku 21.

5. Toa mabua ya kesho tu, yatandaze usiku kucha hadi harufu isichome macho. Anza na kiganja, ongeza polepole kwa wiki mbili, wakiwa wameshakula kitu kingine. Ndama chini ya miezi 6 na punda wasipewe kabisa.

Majani mabichi au nyasi nzuri zenye sukari usizisindike hivi, wala usitie molasesi kwenye rundo: sukari ikikutana na amonia huzaa sumu inayomtia ng'ombe wazimu, akakimbia na kugonga ua.