Kupanda lili chotara Mwanza: kwanza tunguu, halafu friji

Miaka 6 iliyopita nilinunua matunguu 12 ya "lili" kwa muuzaji mmoja wa maua hapa mjini. Yalikuwa ndani ya kiroba, hayana lebo, na bei yake haikuwa ya kitoto. Nikayapanda yote nyuma ya nyumba, Isamilo, katikati ya majabali. Manne yalioza. Saba yakachanua amarilisi, ua jingine linalofanana na lili. Moja tu ndilo lililokuwa lili kweli, nalo likatoa majani likaishia hapo. Iliniuma, maana zilikuwa hela za ada. Tangu siku hiyo sinunui tunguu ambalo sijalishika mkononi.

Na wewe lishike. Tunguu la lili halina ganda la nje. Utaona magamba meupe manene yamekumbatiana, kila gamba kama punje ya kitunguu saumu iliyomenywa, na ukilivuta kidogo linabanduka. Amarilisi linafanana na kitunguu maji kikubwa: lina ngozi ya kahawia na shingo. Kuna nyingine huitwa lili, ambayo ua lake hudumu siku moja tu: hiyo haina tunguu kabisa, ina mizizi iliyovimba kama vihogo vidogo. Kuna pia lile ua jekundu na njano linalotambaa vichakani kwetu, ncha za majani yake zikijisokota na kushika matawi. Hilo wengi huliita lili, lakini ni mmea mwingine, na kiazi chake ni sumu kali. Usikichimbe mbele ya watoto.

Ukikuta ua limeshachanua, kazi ni rahisi zaidi. Ligeuze utazame pale linapoungana na kikonyo. Ukiona kivimbe cha kijani nyuma ya petali, hilo ni amarilisi. Kivimbe hicho ni ovari, kifuko cha mbegu. Lili huficha ovari yake ndani ya ua, kwa hiyo nyuma hakuna kivimbe. Halafu tazama shina: la amarilisi ni bomba tupu lisilo na jani, la lili limevaa majani kuanzia chini hadi karibu na maua.

Sasa machotara yenyewe. Royal Horticultural Society ya London, inayotunza rejesta ya majina ya lili duniani, huzigawa katika makundi 9, lakini yatakayokufikia huku ni machache. Asiatiki ina majani membamba mengi, maua yake mara nyingi hutazama juu, rangi zake ni kali, na hainukii. Orientali ina majani mapana, harufu yake inajaza sebule, na ukipitisha kidole ndani ya petali utahisi vipele vidogo. Stargazer, ile ya waridi yenye kingo nyeupe, ni Orientali iliyotoka California miaka ya 1970, ikapendwa kwa sababu ua lake linatazama juu wakati wenzake wengi walikuwa wakiinamisha vichwa. Longiflorumu ni tarumbeta nyeupe. Ukiona LA kwenye boksi, hiyo ni Longiflorumu iliyozaa na Asiatiki: ua kubwa, harufu kidogo au hakuna. OT ni Orientali na lili ya tarumbeta, shina nene, petali nzito. Kama unaanza, chukua Asiatiki au LA. Orientali nazipenda kuliko zote, lakini zinadeka: zinataka udongo wenye uchachu kidogo na subira ndefu.

Lili hizi wazazi wao walizoea majira ya baridi, na Mwanza baridi hiyo hatuna hata Julai. Tunguu lisilopata baridi hutoa majani bila ua, kama lile langu la kwanza. Kwa hiyo friji. Kama tunguu limetoka Uholanzi, muulize muuzaji kama limeshapitishwa kwenye baridi. Mara nyingi limeshapitishwa, unapanda moja kwa moja. Kama umelichimba bustanini, lifukie kwenye vumbi la mbao lenye unyevunyevu, ndani ya mfuko wa plastiki uliotobolewa, uweke droo ya mboga kwa wiki 6 hadi 8, nyuzi 2 hadi 5. Lisigande. Na droo hiyo isiwe na maembe wala ndizi mbivu! Gesi ya matunda yanayoiva huharibu kichipukizi ndani ya tunguu. Nilipoteza maua ya msimu mzima kwa sababu ya maembe.

Mimi huyatia friji Aprili nikapanda Juni, mvua zikiwa zimekatika. Luseni, huu mchanga wetu wa majabali, unafaa kwa sababu maji hayatuami. Nachanganya ndoo 2 za luseni, 1 ya samadi iliyooza kabisa na 1 ya maganda ya mpunga. Udongo mweusi wa mbuga achana nao, tunguu litaoza. Fukia liwe na sentimita 15 za udongo juu ya kichwa chake. Watu wengi hupanda juujuu kama kitunguu cha mboga, wakati lili huotesha mizizi mingine kwenye shina, juu ya tunguu, na hiyo ndiyo inayolisha maua. Chagua jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kisha funika udongo kwa nyasi kavu ubaki na ubaridi. Mwagilia chini, sio juu ya majani, maana ukungu wa kijivu haukawii. Asiatiki zangu huchanua wiki ya 9 au ya 10. Orientali hupita miezi 3.

Mwenye paka asiingize lili ndani. Paka wa jirani yangu alilamba chavua iliyomdondokea mgongoni, figo zikafa, naye akafa baada ya siku chache. Jani, petali, hata maji ya chombo ni hatari kwake.

Maua yakiisha, kata vichwa tu, shina liache mpaka likauke, kisha chimba. Usihangaike na mbegu, mtoto wa chotara hafanani na mzazi. Bandua magamba 4 au 5 ya nje, yatie mfukoni na mchanga wenye unyevunyevu, uuning'inize mahali penye joto na kivuli. Baada ya wiki 6 hadi 8 fungua: chini ya kila gamba, pale lilipobandukia, kutakuwa na vijitunguu vyeupe kama punje za mahindi. Vipitishe friji, vipande kwenye kopo, na uvipe miaka 2 au 3 kabla ya kudai ua.