Keki ya kufungulia shule kwa jiko la mkaa: moto ndio kazi, mengine ni kukoroga

Jumamosi iliyopita jirani yangu aligonga mlango saa tatu usiku, kashika sufuria iliyofunikwa kanga. Ndani mlikuwa na keki: chini nyeusi kama lami, katikati uji, juu nyeupe kama haijawahi kuuona moto. "Shoga," akasema, "mkaa ninao, unga ninao, keki sina." Shule zinafunguliwa Jumatatu, mwanawe anaanza darasa la kwanza, na alishamwahidi keki ya kubeba. Tukairudia uani kwangu mpaka saa sita kasoro. Niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayoyaandika hapa.

Nawaandikia wanaooka kwa mkaa. Ovena ya umeme ninayo, iko juu ya kabati, imejaa mifuniko ya vyombo. Januari ina ada, sare, viatu, madaftari na michango isiyoisha; sina moyo wa kukaa saa nzima naangalia uniti za Luku zikishuka kwa ajili ya keki.

Hatua ya 1: Vitu

Kumbuka neno moja, robo. Unga wa ngano robo kilo, siagi ya kopo robo kilo, sukari robo kasoro (mimi huishia gramu 200, watoto hawajalalamika). Mayai 5 ya kisasa. Ya kienyeji ni madogo, weka 6 au 7. Beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi ya kubana kwa vidole, maziwa nusu kikombe, na iliki ya kutwanga nyumbani. Iliki ya kununua imeshasagwa sina imani nayo, mara nyingi imebaki rangi tu.

Mwambie muuza duka apime kwa mizani. Mambo ya "vikombe viwili vya unga" yameharibu keki nyingi, maana kikombe changu na chako si ndugu.

Na tafadhali: beking pauda si hamira, wala si magadi soda. Hamira inataka muda wa kuumua, hiyo ni ya mikate na maandazi. Magadi soda inataka kitu kichachu kama mtindi. Ukiitia peke yake keki inabaki na ladha ya sabuni.

Hatua ya 2: Kukoroga

Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Tia mayai moja moja. Mchanganyiko ukianza kukatika, yaani mafuta na majimaji yakiachana, tia kijiko cha unga uendelee. Kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda, halafu maziwa. Unga ukishaingia usipige tena kwa nguvu, changanya tu. Mimina kwenye bati lililopakwa siagi na kunyunyiziwa unga, lisijae zaidi ya theluthi mbili.

Ila usifike hapa kabla moto haujawa tayari. Beking pauda inaanza kazi ikishalowa, haikusubiri utafute mkaa.

Hatua ya 3: Moto

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima mwaka ambao mwanangu wa kwanza alianza shule. Keki tatu. Ya kwanza iliungua, ya pili ilishuka katikati kama sahani ya supu, ya tatu ilitoka saa saba na nusu usiku nikiwa nimeshachukia kila kitu chenye sukari. Unga ulikuwa uleule mara zote tatu.

Anza na sufuria. Iwe kubwa, nzito na kuukuu, kwa sababu haitarudi kupikia wali. Bati la keki likikaa ndani libakize nafasi ya vidole viwili kila upande ili joto lizunguke. Chini mwaga mchanga wa kina cha vidole viwili. Mkaa hauwaki sawasawa, kuna upande mkali na upande uliolala. Mchanga unapokea joto lote na kulitandaza. Tumia mchanga wa mtoni, uchekeche, kisha ukaange mtupu mpaka ukauke kabisa. Wa ufukweni achana nao hata kama unakaa hatua kumi kutoka baharini. Una chumvi, na chumvi inakula alumini. Sufuria yangu ya kwanza ilitoboka vitundu kama chujio. Juu ya mchanga pindua kifuniko kidogo cha bati ili bati la keki likae juu yake, lisiguse mchanga wenyewe.

Cha kufunikia juu ni sinia kuukuu la chuma, bapa, lenye ukingo wa kuzuia makaa. Mfuniko wenye kishikio cha plastiki huwezi kuupalia, yaani kuuwekea makaa juu.

Mkaa uwashe pembeni, kwenye jiko la pili. Usubiri mpaka uwe mwekundu wote, uvae majivu ya kijivu na moshi uishe. Kisha gawa: kwenye kila makaa kumi, matatu yaende chini ya sufuria na saba yapaliwe juu ya sinia. Jirani yangu alifanya kinyume, na karibu kila anayeniletea keki iliyoungua amefanya kinyume. Joto linapanda. La chini lote linaingia sufuriani, la juu nusu yake linakwenda zake angani, kwa hiyo juu lazima pawe na makaa mengi zaidi. Bibi yangu alipalia kwa makumbi ya nazi na mkate wake ulitoka sawa chini na juu, lakini yeye alikaa hapohapo na koleo mkononi, hakuwa na simu.

Pasha sufuria tupu namna hiyo robo saa, halafu ipime. Nyunyiza kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati, weka ndani, funika dakika tano. Unga ukitoka mweupe, ongeza makaa juu. Ukitoka mweusi, toa ya chini. Ukitoka na rangi ya dhahabu, ingiza keki.

Baada ya hapo usifunue kwa dakika thelathini. Najua utatamani. Wakati huo keki imesimama kwa hewa tu, mayai na unga havijashika. Baridi ikiingia hewa inanywea na keki inashuka, na haipandi tena. Usipepee pia, majivu yataruka na moto utapanda upande mmoja. Makaa ya juu yakififia, kama dakika ya ishirini, ongeza mengine mekundu kutoka jiko la pili. Ndiyo, unahitaji majiko mawili. Nimejaribu kwa moja na sirudii.

Harufu ikianza kufika mlangoni, toa makaa yote ya chini. Mchanga una joto la kumalizia.

Jambo moja silitanii. Usiku ule manyunyu yalianza na jirani akataka tuingize majiko kwenye korido. Nilikataa, tukahamia chini ya paa la banda la nje. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na jiko likiwa ndani ya nyumba iliyofungwa, waliolala hawaamki. Mvua ikizidi, ahirisha keki.

Hatua ya 4: Kuiva

Dakika 50 mpaka saa moja kwa bati la sentimita 20. Kuinua sinia lenye makaa kunataka watu wawili na kulinyanyua wima. Ukiliinamisha majivu yote yako kwenye keki. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva.

Hatua ya 5: Kontena la shule

Usiikate ikiwa moto. Ilale chini ya kitambaa safi, asubuhi kisu kitapita bila kumwaga makombo. Ukiifungia na joto lake inatoa jasho, na kwa joto la Dar jasho hilo ni ukungu kesho kutwa. Ikipoa vizuri inakaa siku tatu. Ya siku ya nne mimi sikuwahi kuiona.

Vipande vya kubeba navifunga kwa masalio ya karatasi ya kaki niliyojalidia madaftari. Gazeti hapana, wino unahamia kwenye keki. Na weka vipande viwili: kimoja cha kwake, kimoja cha rafiki atakayempata siku hiyo.

Makaa yaliyobaki usiyamwagie maji. Yatie kwenye pasi ya mkaa unyooshe sare palepale, ila ipeperushe kwanza nje majivu yatoke, hasa kama shati ni jeupe.