Kushuhudia mtaani na familia huku Ujerumani, mambo ya kujua kabla hamjatoka nyumbani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, hasa nyie wa kwetu Kigoma mliotumwa huku na makanisa au mmekuja kusoma na kazi na moyo wa uinjilisti bado unawaka. Kule Mwanga, Kigoma mjini, tumezoea kufunga spika na jenereta, kwaya ikianza tu watoto wanajaa mbele, wazazi wanafuata, mkutano umeanza. Sisi tulijaribu hivyo hivyo mji wa kwanza tulioishi, hata sala ya kufungua hatujamaliza wakaja watu wawili wa jiji wanaulizia kibali, hatuna, tukafungasha huku watoto wanalia.

Kuhubiri ni haki yako, iko kwenye ibara ya 9 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na mwaka 1993 mahakama ya mkataba huo iliyoko Strasbourg iliiambia Ugiriki ilikosea kumtia hatiani mzee mmoja Shahidi wa Yehova aliyeenda na mkewe kushuhudia nyumbani kwa mtu. Lakini meza, hema na spika ni habari nyingine, vinataka kibali cha jiji, kinaitwa Sondernutzungserlaubnis, andika hivyo hivyo kwenye imeili na uombe mapema. Kutembea na vipeperushi mkononi kwa kawaida hakuna shida, ila viwe na jina na anwani ya mhusika. Stesheni na ndani ya maduka ni mali ya wenyewe, wakikuambia toka, toka.

Siku nzuri ni Jumamosi. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, na siku za kazi watoto wana shule ambayo ni lazima kisheria, usimtoe mtoto darasani kwa ajili ya huduma.

Hapa kwenye watoto naomba mnisikilize sana. Kwetu ukimpa mtoto wa mtu pipi mama yake anasema asante, huku mama anashtuka, na ana haki, kwahiyo ongea na mzazi kwanza. Usipige watu picha ukarusha kwenye grupu la kanisa. Namba ya simu ya mtu usiandike kwenye daftari bila ridhaa yake, sheria ya kulinda taarifa binafsi inafanya kazi Umoja wa Ulaya wote tangu 2018 na makanisa yamo. Na watoto wako wavike soksi mbili mbili, beba sarafu za choo, saa moja ikiisha wapumzike, mtoto anayetetemeka hamhubirii mtu.

Siku hizi tuko Köln, tunasimama karibu na kanisa kuu bila spika, mke wangu na chupa ya chai ya tangawizi, watoto wanaimba pambio la Kiswahili taratibu tu. Wengi wanapita. Desemba mama mmoja wa koti jeusi alipita, akasimama, akarudi, "munatoka wapi?" Kigoma mama. Kumbe yeye wa Uvira, Kongo, ng'ambo ya ziwa letu Tanganyika! Akavua glavu akamshika binti yetu mashavu, akaanza kuulizia migebuka na mawese, vipeperushi tukasahau kabisa, mke wangu akammiminia chai. Baadae akasema mwenyewe, niombeeni, mwanangu anaumwa. Tukaombea palepale tumeshikana mikono, kwa sauti ya chini.

Jumapili iliyofuata alikuja ibadani na huyo kijana wake.