Mwenzako akiacha sigara, mvushe dakika tano

Hamu ya sigara haikai kutwa. Hupanda, hukaza kwa dakika tatu hadi tano hivi, kisha hushuka yenyewe hata mtu asipovuta. Kwa hiyo ukiwa na mtu anayeacha, kazi yako ni kumvusha dakika hizo tu. Shemeji yangu alikuwa anashikwa kila akimaliza kikombe cha kahawa kijiweni. Mkono unaenda wenyewe mfukoni kutafuta kiberiti. Tukahamia kwenye chai ya tangawizi, nyumbani, na karanga za kumenya, maana vidole navyo vinataka shughuli. Akianza kuhangaika, tunatembea hadi bombani na kurudi.

Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi: atanuna, atagomba kwa ajili ya chumvi kwenye mboga, usingizi utamruka. Usijibizane naye, ni mwili unadai nikotini. Na jamani, usimtume dukani! Pale sigara zinauzwa mojamoja, na chenji iko mkononi. Akiteleza akavuta moja, usimwite muongo. Muulize tu alikuwa wapi na nani, ili kesho mpite njia nyingine.