Jinsi ya kuomba ruzuku ya chuo ya kuanzisha utafiti wa nishati safi

Ruzuku hii ni ya wazo ambalo bado halina data. Kazi yake ni kukupatia matokeo ya mwanzo ya kumshawishi mfadhili mkubwa. Mpango wa Nishati wa MIT, Marekani, umetoa hadi dola 150,000 kwa mradi. Vyuo vingi hutoa kidogo zaidi. Soma tangazo kwanza, hasa kipengele cha nani anaruhusiwa kuwa mtafiti mkuu.

Andika swali moja linalopimika. "Kuboresha bayogesi" halipimiki. "Gramu moja ya maganda makavu ya ndizi hutoa mililita ngapi za methani?" linapimika; methani ndiyo gesi inayowaka ndani ya bayogesi.

Kisha eleza jaribio lenyewe: chupa tatu za maganda na tope la mtambo wa bayogesi unaofanya kazi, tatu za tope peke yake, tatu za tope na selulosi (nyuzi za mimea, za kuhakikisha kwamba tope linazalisha gesi ipasavyo), zote kwenye nyuzijoto 37 kwa siku 30 hivi. Ukisahau chupa za tope peke yake, gesi ya tope itahesabiwa kuwa ya maganda, na mtathmini mzoefu ataliona kosa hilo mara moja.

Kwenye bajeti, usinunue mashine ya kuchambua gesi. Omba saa za kuitumia kwenye maabara nyingine, ila lipia gesi ya kuisawazisha, yaani gesi yenye kiwango kinachojulikana cha kuhakiki vipimo vyake. Agiza vifaa mwezi wa kwanza, kwani manunuzi ya chuo ndiyo hula muda mwingi kuliko jaribio.

Taja pia kiwango cha methani ambacho chini yake utasitisha kazi.